Kreatini ipo kwa nguru, kwa pweza usiitafute

BAGAMOYO. Alfajiri ufukweni, vijana wa timu za mtaani wanapiga mbio mchangani huku mashua zikishusha samaki. Mazoezi yakiisha, ubishi ni uleule: nani anatumia poda, na je, inalipa?

Poda inayobishaniwa ni kreatini. Inauzwa kwenye makopo katika maduka ya virutubisho vya michezo, na sifa zake ni nyingi: inaongeza nguvu, inajaza kifua, na siku hizi inasemwa pia kwamba inalinda msuli usiharibike. Hiyo sifa ya mwisho ndiyo inayohitaji kuangaliwa vizuri kabla mchezaji wa ndondo hajatoa pesa yake.

Kreatini haikuanzia kiwandani. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua kwenye nyama mwaka 1832. Mtu wa kilo 70 ana takribani gramu 120 mwilini, na asilimia 95 ya hizo ziko kwenye misuli. Winga anapochomoka pembeni kwa sekunde chache, akiba hiyo ndiyo inayomrudishia nguvu haraka.

KUTU NDANI YA MSULI

Mvuvi yeyote wa Bagamoyo anajua jinsi upepo wa bahari unavyokula misumari ya mashua. Ndani ya msuli unaofanya kazi kuna jambo linalofanana na hilo. Oksijeni inapotumika, hubaki chembe chokozi ambazo zikizidi hushambulia kuta za seli na hata vinasaba. Mwili una kinga zake, lakini mzigo ukiwa mkubwa kinga hizo huzidiwa.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Urbino, Italia, wakiongozwa na Piero Sestili, walichapisha jaribio lao. Walichukua seli za aina kadhaa, zikiwemo za msuli wa panya, wakazipa kreatini kwanza, kisha wakazimwagia sumu za oksijeni. Moja ya sumu hizo ni haidrojeni peroksaidi, ileile inayosafishia vidonda. Seli zilizopewa kreatini zilikufa kwa uchache kuliko zile zilizokosa. Ulinzi haukuwa kamili, ila ulionekana, na watafiti waliona kreatini yenyewe inazizima zile chembe chokozi.

Lakini hizo ni seli za maabara. Beki anayecheza dakika 90 juani ni habari nyingine, na majaribio kwa binadamu kuhusu ulinzi huu yametoa majibu yanayopingana. Lenye ushahidi mzito ni lile la nguvu za muda mfupi. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki liliiweka kreatini kwenye orodha fupi ya virutubisho vinavyosaidia kweli.

SOKONI KUNA NINI?

Mwili hutumia takribani gramu 2 kwa siku. Karibu nusu unatengeneza wenyewe, nyingine inatoka kwenye chakula. Kilo moja ya samaki mbichi ina kama gramu 3 hadi 5, kwa hiyo robo kilo ya jodari au nguru inakaribia kuziba ile nusu iliyobaki. Ukipika mchuzi, unywe pia, maana sehemu ya kreatini huyeyukia humo.

Hapa ndipo wengi Pwani wanapochapia. Supu ya pweza ina heshima yake, na protini anayo ya kutosha. Ila misuli ya pweza, ngisi na kamba haiendeshwi na kreatini. Wao wanatumia ajinini fosfeti. Anayetafuta kreatini asogee kwenye meza ya samaki.

Ukweli mwingine usifichwe: wanaotumia poda huchukua gramu 3 hadi 5 kwa siku, na kuzipata zote kwa samaki ni kula karibu kilo nzima kila siku. Kwa hiyo poda ina nafasi yake, hasa kwa mkimbiaji wa mita 100 au mnyanyua vyuma.

Anayeamua kununua ajue mambo matatu. Kwanza, kreatini haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa na WADA, lakini kopo linaweza kuwa limechanganywa na kitu kilichokatazwa, na ukipimwa ukakutwa nacho, mzigo ni wako. Pili, wiki ya kwanza uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili kwa sababu msuli unavuta maji. Usidhani tayari umejaa. Tatu, mwenye tatizo la figo amuone daktari kwanza, na anayepimwa figo aseme kwamba anatumia poda, kwani inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini kwenye damu hata kama figo ni nzima.

Kwa kijana anayejifua mchangani na bado hajala vizuri, pesa ya kopo ianzie kwenye sahani: samaki, wali au ugali, maharage na maji. Poda itafuata, kama bado itahitajika.