Jina la Nani Linatangulia?

Ndugu msomaji, nawe mama msomaji, ukae kidogo. Leo sitaki kukuuliza kama televizyo ni nzuri ao mbaya nyumbani mwako. Juu ya neno hilo tumekwisha kusikia mahubiri mengi, na wengine waliohubiri walikuwa na haraka ya kurudi kwao kuangalia. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho watu wanakiruka: jeneriki. Ndizo zile picha na ule muziki wa mwanzo wa filme, pale majina ya wachezaji yanapita. Hapa Lubumbashi ukisikia mtoto analalamika, "Mama, kuya mbio, inaanza!" ujue jeneriki imepigwa. Na mama anajibu tokea jikoni, "Ile ni jeneriki tu, filme bado." Anaendelea kukoroga bukari yake.

Mimi ninamwambia mama yule: kuya sasa. Jeneriki ni mlango, na mlangoni ndipo unajua bwana wa nyumba ni nani.

Sisi tuliokuwa watoto wakati wa Zaire hatuna haja ya kufundishwa neno hili. Habari za usiku za televizyo zilikuwa na jeneriki yao. Mawingu yanatokea, na katikati ya mawingu uso wa Mobutu unashuka. Kiisha ndipo habari zinaanza. Hakuna aliyesema kwa kinywa, "Huyu anatoka mbinguni." Haikuwa lazima. Tulioketi chini kwenye saruji tulielewa wote, na sisi tuliofundishwa kanisani ni nani atakayekuja na mawingu, tulibaki na swali ambalo hatukuthubutu kumuuliza mtu. Utawala ule ulianguka mwaka 1997. Muulize leo mzee yeyote wa Kamalondo ni habari gani zilisomwa usiku huu ao ule, atakuambia amesahau. Mawingu hakusahau.

Ikiwa sekunde chache zinaweza kufanya kazi kama ile, basi tuangalie filme zenyewe.

Wazazi wengi wanaikumbuka Dallas. Ilianza Marekani mwaka 1978, ikaisha mwaka 1991, vipande 357. Matendo ya J.R. siyapendi, lakini jeneriki yake ninaipenda, nasema wazi. Kioo kinagawanyika mara tatu, na picha tatu zinatembea pamoja: majumba marefu ya mji, mafuta, mashamba na ng'ombe. Uso wa mchezaji nao unatokea katika sehemu hizo tatu. Muziki ulitungwa na Jerrold Immel, na kule Marekani hauna maneno hata moja. Wafaransa walipoanza kuionyesha kwao mwaka 1981 waliweka wimbo wa kuimbwa, unaoeleza mbele ya wakati kwamba ulimwengu ule hauna huruma. Najua wengi wenu munaupenda wimbo ule. Mimi naona Wafaransa walihubiri mbele ya kusoma andiko. Acha mtu aone utajiri unavyong'aa, kiisha aone mwenyewe namna ndugu wanavyokulana.

Na utajiri ule uling'aa kweli kweli. Mtoto wa kampi ya Gécamines aliangalia, akafanya hesabu yake: wale wanatoa mafuta chini ya udongo, baba yangu anatoa shaba chini ya udongo, sasa jumba letu liko wapi? Ni swali zuri. Jeneriki haikumjibu, kwa sababu wale wenye kutoa mafuta Dallas hawana jina pale. Majina ni ya wachezaji wa jamaa ya wenye mali.

Lakini kuna jambo moja pale ambalo nalisifu. Majina yale yalipita kwa mpango wa alfabeti. Mama mzee wa nyumba, Barbara Bel Geddes, anatangulia kwa herufi B. Larry Hagman, aliyecheza J.R., mtu ambaye dunia nzima ilimwangalia, anangojea H. Anapita nyuma ya Linda Gray, bibi yake wa mchezo, ambaye katika hadithi alimtesa kila siku. Katika filme J.R. hangojei mtu. Mlangoni anangojea kama wengine.

Filme nyingine iliyozunguka dunia ni ile ya Brazil ya mwaka 1976, habari za Isaura mtumwa. Jeneriki yake inapitisha picha za kale zilizochorwa na Mfaransa Debret, aliyekaa Brazil toka 1816 mpaka 1831. Ni picha za watu weusi walio katika utumwa na kazi yao, na chini yake unasikia wimbo wa Dorival Caymmi, mzito kama mzigo. Watu wale, wengi waliondoka huku kwetu, Kongo na Angola. Kiisha filme inaanza, na mtumwa tunayeombwa kumlilia ni binti mweupe, Lucélia Santos! Najua kitabu cha mwaka 1875 kilimwandika vile. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuwaona wale wa mlangoni, na sikuacha kuuliza wamekwenda wapi. Ni jeneriki iliyosema kweli kupita filme yake.

Sasa turudi hapa. Lubumbashi ilikuwa na wachezaji wake, Groupe Mufwankolo, waliocheza kwa redio na kwa televizyo katika Kiswahili chetu, kile cha kazini na cha soko. Nani hajui Mufwankolo? Lakini uliza jina lake la kweli. Watu kumi watanyamaza mbele ya mmoja kusema Odilon Kyembe Kaswili. Na waliocheza naye je?

Mwaka 1986 mwalimu mmoja, Johannes Fabian, ambaye zamani alifundisha katika chuo kikuu cha hapa, aliwauliza maana ya methali aliyoisikia alipopewa firigisi ya kuku: ukubwa unakuliwa muzima, haukatwi vipande. Hawakumjibu kwa maneno mawili. Walifanya mchezo muzima, Le pouvoir se mange entier, ukapigwa picha ya televizyo katika kijiji cha Kawama. Hakuna mtu aliyeandika maneno yao mbele. Walipatana juu ya njia ya mchezo, kiisha kila mmoja alitafuta maneno yake mwenyewe. Fabian aliyaandika maneno hayo yote, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1990.

Angalia basi. Ikiwa kila mchezaji ametunga maneno yake, mwandishi ni nani? Ni wote. Mchezo wa namna hiyo unastahili jeneriki ndefu kupita ile ya Dallas. Hata waraka kwa Warumi una jeneriki yake, sura ya 16, na Tertio aliyeshika kalamu amewekwa pale kwa jina.

Leo vijana wa Katuba na wa Kenya wanapiga filme kwa simu. Ninaziangalia, nyingine zinanichekesha mpaka machozi. Lakini mwanzoni naona picha za mji ambao si wetu, nasikia muziki uliochukuliwa kwa wengine, na jina moja kubwa la mwenye makuta. Mama aliyecheza shangazi mchawi, aliyetutia woga wote, ni nani? Hajaandikwa. Kesho akipita sokoni, watoto wanamkimbia, "Njo ule mulozi!" Hana hata jina la kujitetea nalo.

Vijana wa kanisa letu nao wametayarisha filme yao, na karibu waachane juu ya neno hili: jina la nani litangulie? Mmoja alikwisha kuchukua kofia yake aende. Niliwaeleza mpango wa Dallas, alfabeti tu, pamoja na yule aliyepika chakula na yule aliyeshika taa wakati SNEL ilipokata. Walikubali. Sasa shida ni kwamba tuko Katanga: Kabwe, Kalenga, Kasongo, Kazadi, Kyungu, kiisha Mukalay, Mutombo, Mwamba, wote wamesongamana katikati, na Banza peke yake anatembea mbele akicheka.