Supachaja za Umeme na Hewa Nyepesi ya Dodoma

Injini ya gari hupata nguvu kwa kuchoma mafuta, na mafuta hayaungui bila oksijeni. Kwa sababu hiyo nguvu ya injini hutegemea kwanza kiasi cha hewa kinachoingia kwenye silinda. Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi: silinda ileile hupokea hewa pungufu kwa asilimia 10 hadi 12 kuliko ikiwa Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Toyota IST ya lita 1.5, yenye nguvu za farasi zipatazo 110 ikiwa pwani, hubaki na kama 97 ikifika Dodoma. Singida, kwenye mita 1,500 hivi, hali ni nzito zaidi. Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ nazo hazina turbo, hivyo hudhoofika vilevile. Mkonga wa magari hayo, yaani bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu, hausaidii katika hili. Kazi yake ni kuvuta hewa ya juu, mbali na vumbi na maji.

Dawa ya upungufu huo inajulikana tangu zamani, nayo ni kuishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Turbo hufanya hivyo kwa nguvu ya moshi unaotoka kwenye injini, ndiyo maana malori na mabasi yanayopanda kutoka Morogoro kupitia Gairo na Kibaigwa hayateswi sana na mwinuko. Supachaja ya kawaida huzungushwa na mkanda wa injini. Supachaja ya umeme huzungushwa na mota, na kwa hiyo haisubiri moshi wala mwendo wa injini.

Teknolojia hiyo ni ya kweli. Mwaka 2016 Audi iliiweka kwenye SQ7, gari la dizeli lenye injini ya lita 4 na nguvu za farasi 435. Kompresa yake ya umeme hufikia mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Lakini haifanyi kazi peke yake. Injini ile ina turbo mbili, na kompresa huziba pengo la muda mfupi tu, pale dereva anapokanyaga mafuta na moshi bado hautoshi kuzizungusha. Turbo zikishachangamka, kompresa hupumzika. Kwa kazi hiyo fupi hutumia hadi kilowati 7, na Audi ililazimika kuweka mfumo wa umeme wa volti 48 ili kuihudumia.

Hapo ndipo mwenye gari dogo anapopata jibu kama supachaja ya umeme itamsaidia. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza karibu lita 70 za hewa kila sekunde. Kurudisha tu kile ambacho mwinuko wa Dodoma umeondoa, bila kuongeza chochote juu yake, kunahitaji mota ya zaidi ya kilowati 1. Kwenye umeme wa volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 80, karibu yote yanayozalishwa na alteneta ya gari dogo, na taa, feni ya rejeta na kompyuta ya injini vinahitaji umeme huohuo. Vifeni vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la supachaja ya umeme, vya kupachikwa kwenye bomba la hewa, hutumia makumi ya wati tu. Haviwezi kushindilia hewa. Injini inapovuta kwa nguvu, mapanga yake hugeuka kizuizi, na gari hupungukiwa pale hasa dereva alipotarajia msaada. Ikiwa panga litakatika, vipande vyake vinaweza kuvutwa kuelekea injini, hasara isiyolingana kabisa na bei ya kifaa.

Hata supachaja halisi ina masharti yake. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na petroli kwenye joto kubwa huweza kuwaka kabla ya wakati, injini ikagonga na pistoni zikaharibika. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo lazima yaongezwe kwa kipimo, hivyo kompyuta ya injini hupangwa upya, na mara nyingi pampu na nozeli hubadilishwa.

Kabla ya kufikiria supachaja, kuna jambo jepesi zaidi: kwa magari mengi ya uwanda wa kati, hewa inayopotea bila sababu huzuiwa na kichujio kilichojaa vumbi la kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba. Kukikagua mara nyingi kuliko ratiba ya barabara za lami, na kukibadilisha kikichakaa, huipa injini isiyo na turbo hewa yote ambayo mwinuko wa Dodoma unaruhusu.