Tamthilia ya Idd Imo Ukumbini Mwetu

Siku ya Idd katika mtaa wetu wa Chumbageni huanza kwa takbira na humalizika kwa hesabu. Baina ya mambo hayo mawili pana swala, pana pilau, pana watoto wenye nguo mpya wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta mkono wa Idd, na pana ndugu waliotoka Dar es Salaam, Mombasa na Pemba kuja kuketi tena katika ukumbi wa wazee wao. Jioni, wageni wa nje wakisha kuaga, mlango hurudishwa na sauti hupunguzwa. Hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza, na hapo ndipo watunzi wetu wa michezo ya kuigiza wanapokosekana.

Wenzetu wa mbali walikwisha kuona utajiri wa saa hiyo. Mwezi wa Desemba mwaka 1879, mjini Copenhagen, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Henrik Ibsen, Mnorwe, unaohusu nyumba moja ya tabaka la kati wakati wa Krismasi. Bwana amepata cheo kipya katika benki, mti umepambwa, zawadi zimenunuliwa. Lakini bibi mwenye nyumba alikopa fedha kwa siri ili kumwuguza mumewe, na akaghushi sahihi ya baba yake. Deni hilo ndilo linalovunja nyumba. Watu wa wakati ule walikasirika hata Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine kwa ajili ya majukwaa ya Ujerumani. Hawakukasirishwa na jambo geni. Walikasirika kwa kuwa walijiona wenyewe.

Je, sisi hatuna mfano? Tunao. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha Mashetani mwaka 1971. Humo vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, wanaelemewa na historia ya nyumba zao: mmoja wa ukoo uliopoteza hali yake baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na mwingine wa wazazi waliopanda ngazi katika enzi mpya. Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Mwandishi huyo huyo, katika Alikiona, alichukua kichekesho, ule mchezo mfupi uliokuwa ukionyeshwa katikati ya nyimbo za taarabu, akaonyesha kuwa hata mzaha wa mume, mke na hawara waweza kuwa fasihi.

Basi chombo tunacho. Kasoro yetu ni kwamba tumezoea kukitumia kuwacheka wengine. Katika vichekesho vingi anayechekwa ni mshamba aliyeingia mjini, au mlevi, au mgeni asiyejua kusema Kiswahili. Na katika michezo mingi iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, mtu mwenye cheo aliletwa jukwaani akiwa bepari mwenye tumbo, ili azomewe na kuondolewa. Ni nadra kumwona jinsi alivyo nyumbani kwake, amevaa kanzu, ameketi mbele ya mama yake, na hana senti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba amefariki. Nyumba ya Chumbageni imebaki kwa mjane na watoto wanne. Mtoto mkubwa ni afisa wa Serikali, na ukoo mzima unamhesabu kuwa tajiri. Kila Idd yeye ndiye anunuaye mbuzi, ndiye alipaye nauli za wadogo zake, ndiye atoaye doti za kanga kwa mashangazi. Mshahara wake ni mmoja, na hakuna aliyewahi kuuliza fedha hizo hutoka wapi. Mwaka huu, sahani zikiwa bado hazijaoshwa, anatamka kwamba ni vizuri nyumba iuzwe ili kila mtu apate haki yake. Dada aliyevuka bahari kutoka Wete anakumbusha kwamba katika sheria ya mirathi mama ana thumuni yake, na kwamba thumuni haina dari wala choo. Ndipo inapodhihirika kuwa nyumba imekwisha wekwa rehani, na kwamba mbuzi wa Idd tatu zilizopita waliliwa kutokana na deni hilo.

Nani mwenye kosa? Afisa aliyekopa, au ndugu waliokula bila kuuliza? Mtunzi mwema hatajibu kwa haraka. Masharti ya uongozi ya Arusha yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba ya kupangisha, hadi yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini hapana azimio lililopata kumkataza shangazi kutarajia. Mtumishi anaposhawishika kupokea asichostahili, mara nyingi jambo hilo lilianza mbali na ofisi, juu ya mkeka, kwa neno la upole: “Na sisi je, mwanangu?”

Wapo watakaosema kwamba mambo ya ndani yasitolewe nje. Heshima hiyo twaijua na twaipenda. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Na nyumba ngapi za mwambao huu zimeuzwa kimya kimya, mjane akahamia chumba cha kupanga, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema siku ambayo wote walikuwapo?

Leo jioni familia nyingi hukaa mbele ya televisheni kutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Wanalia kwa ajili ya mirathi ya Istanbul. Tunawaomba maafisa wa utamaduni wa Tanga, Unguja na Pemba wavipe vikundi vyetu ukumbi na siku ya kuonyesha: siku ya pili ya Idd, wakati ndugu wangali pamoja. Hautakiwi mtambo. Mkeka mmoja, sinia moja, na mama mmoja anayesikiliza bila kusema vyatosha. Afisa atakayekuja kuufungua mchezo huo kwa hotuba, na aombwe abaki mpaka mwisho.