Kisu cha Safari

Mtu alalaye porini hutegemea kisu chake kupasua kuni, kuchuna mnyama na kukata kamba. Kikimvunjikia mkononi huko, mbali na dawa, jeraha dogo huweza kuwa jambo kubwa. Basi anunuaye asitazame kung'aa kwake, bali aulize habari za msuka, yaani chuma kile kiingiacho ndani ya mpini. Msuka bora hufika mpaka mwisho wa mpini, na upana wake ni sawa na wa mpini wenyewe, nao hushikwa kwa ribiti. Msuka mfupi hulegea, au hukatika pale bapa linapokutana na mpini, hasa mtu akigonga kisu kwa gogo ili apasue ukuni.

Bapa la inchi 4 au 5 latosha. Lililo refu zaidi ni kazi ya panga. Pua ya kawaida hunoleka upesi kwa kinoo, lakini hushika kutu isipopakwa mafuta. Pua isiyoshika kutu upesi imechanganywa na kromi, sehemu 10 na nusu au zaidi katika 100; hiyo yafaa pwani, ingawa mara nyingi huchosha mkono kuinoa. Kwa mtu wa bara mimi ningechagua ile ya kwanza.

Ala nayo ijaribiwe dukani: tia kisu, igeuze mdomo chini, uitikise. Kikianguka, mrudishie mwenye duka.