Maji Yametakata, Matope Je?

Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la kuhifadhia tope la sumu la mgodi ulibomoka huko Chambishi, katika Jimbo la Copperbelt, yaani Ukanda wa Shaba, nchini Zambia. Maji ya tindikali yenye mabaki ya shaba na metali nyingine yalimwagika katika mto mdogo wa Mwambashi, yakaingia Mto Kafue. Hesabu ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa lita milioni 50. Wachunguzi waliokuja baadaye walitaja kiasi kikubwa zaidi, na ubishi ukazuka.

Samaki waliokufa walionekana hadi kilomita 100 kufuata mkondo. Mahindi ya kandokando yaliharibika. Kitwe, mji wenye watu wapatao 700,000, ulikatiwa maji ya bomba. Ndipo Jeshi la Anga lilipoitwa: ndege zilimwaga mamia ya tani za chokaa mtoni, na boti ziendazo kasi nazo zikatumiwa, ili kuupoza ukali wa tindikali.

Hapo ndipo macho ya wengi hudanganyika, kwa kuwa chokaa haiangamizi shaba. Shaba iliyomo katika tindikali ni kama chumvi ndani ya mchuzi: haionekani, lakini imo. Tindikali ikipozwa, sehemu kubwa ya shaba hiyo huganda, hushikamana na chembe za udongo na kutu ya chuma, kisha huzama. Maji ya juu hutakata, na metali hulala katika matope, mahali kambale anapotafuta riziki yake.

Kwa hiyo mtaalamu anayefuata nyayo za metali haridhiki na chupa moja ya maji. Huanza juu ya mahali Mwambashi unapoingia Kafue, apate kipimo cha kulinganishia, kisha hushuka kituo baada ya kituo. Kila kituo huteka chupa mbili. Ya kwanza huchujwa kwa kichujio chenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Ya pili haichujwi. Tofauti ya vipimo vyake humwonyesha ni metali kiasi gani imeyeyuka na kiasi gani imepanda juu ya chembe za udongo. Halafu huchota matope, huyakausha na kuyachekecha, kwani metali hushikamana zaidi na udongo laini kuliko mchanga. Mpimaji anayechota mchanga mtupu hurudi na habari njema za uongo.

Kazi ngumu hasa ni kumtambua mkosaji. Ukanda wa Shaba umechimbwa kwa mitambo kwa muda wa karibu miaka 100, na matope ya mito yake yalikuwa na shaba kabla ya bwawa hilo kubomoka. Wataalamu huzamisha bomba matopeni na kulitoa likiwa na tabaka juu ya tabaka: la juu ndilo jipya, la chini ni la zamani. Pia hupima risasi, kwa sababu metali hiyo ina atomu za uzito mbalimbali, na uwiano wake hutofautiana baina ya mawe ya mahali na mahali. Askari polisi ataielewa kazi hii mara moja, kwani inafanana na alama za vidole. Lakini migodi miwili ikichimba mwamba wa namna moja, alama hufanana, na ushahidi huo peke yake hautoshi.

Kwa jamaa zinazoishi ukingoni, hatari kubwa ni kuamini sufuria. Kuchemsha huua vijidudu, bali metali hubaki, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo sumu inavyozidi katika yaliyosalia. Kuchuja kwa kitambaa huondoa sehemu tu ya tope na metali iliyolipanda; iliyoyeyuka hupita. Tena matumbo na ini la samaki huweza kuwa na metali nyingi kuliko minofu yake.

Bustani za mboga nazo hazisameheki. Mvua kubwa ikivuruga kitanda cha mto, tope la mwaka jana huinuka na kutandazwa juu ya matuta ya mwaka huu. Shamba lililopimwa likaonekana safi kabla ya mafuriko lapaswa kupimwa upya maji yakishapungua, kabla mbegu hazijatiwa ardhini.