Wajumbe wa Damu

Wengi wetu tumeujua uboho jikoni, katika mfupa wa mchuzi unaogombewa na watoto. Lakini uboho wa mwanadamu, hasa ule wa nyonga na kidari, ndimo damu izaliwamo kila siku.

Ukiharibika kwa saratani ya damu au maradhi mengine, tabibu aweza kuufisha kwa dawa kali, kisha akampa mgonjwa uboho wa mtu mwingine. Huo hautiwi mfupani. Hupitishwa mshipani kama damu, nao hushika njia wenyewe hata ukafika mifupani. Waujulishao njia, na wauambiao wakati wa kuzaana, ni vitu vidogo mno viitwavyo saitokini. Chembe za mwili huvitoa kupelekeana habari, kama watu wapelekeanavyo wajumbe.

Wajumbe hawa tumewajua kwa juhudi za watu kama Donald Metcalf wa Melbourne, aliyeanza katika miaka ya 1960 kuwatafuta wale waamrishao chembe nyeupe kuongezeka. Leo mmoja wao hudungwa kwa atoaye uboho, siku nne au tano, mpaka chembe changa zikamiminika katika damu na kukusanywa kwa mashine. Mifupa humwuma siku hizo. Tumewahi kusikia kwamba atoaye uboho huharibika mgongo. Si kweli, maana uboho si uti wa mgongo, na kilichotolewa hurudi baada ya majuma machache.

Lakini wajumbe hao hao huweza kuleta msiba. Dawa ile kali hujeruhi utumbo pia, nao utumbo uliojeruhika hupiga ukelele wa saitokini. Askari waliokuja pamoja na uboho mgeni huusikia, wakadhani wamefika nchi ya adui. Ngozi hubabuka, mgonjwa huhara, macho huwa manjano. Na wengine hufa kwa hayo.

Mtu aweza kuuliza: mbona wasiondolewe askari wote? Ilijaribiwa, na saratani ikarudi kwa wengi zaidi, kwani askari hao ndio waimalizao mabaki yake. Basi matabibu huwapunguza ukali. Saiklosporini huzuia ujumbe usitolewe. Ruksolitinibu, iliyokubaliwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2019, huuacha ujumbe ufike lakini chembe isiutii.

Fujo hupungua alama za chembe za watu wawili zikifanana. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kufanana kabisa na mgonjwa; mzazi kwa kawaida hufanana nusu tu. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu walianza kutiwa uboho mwaka 2023. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo huulizwa mapema: je, ana ndugu tumbo moja?