Je, Wajua? Bakteria wa pepopunda hawaoti penye hewa

Udongo wa mashamba, huko Tezo katika Kaunti ya Kilifi na kwingineko, huweza kubeba mbegu za *Clostridium tetani*, bakteria wa pepopunda. Mbegu hizo hustahimili hewa kwa miaka, ila haziwezi kuota penye oksijeni. Ndiyo maana tundu refu la msumari huhofiwa kuliko mkwaruzo.

Kuwaotesha maabarani, chakula chao huchaguliwa hivi:

• Mchuzi wa nyama: vipande vya moyo wa ng'ombe vilivyopikwa hupunguza oksijeni. Vikigeuka vyeusi na kunuka, kuna bakteria wanaoozesha protini.

• Mchuzi wa thayoglikoleti: una rangi inayogeuka waridi hewa inapopenya. Waridi ikipita thuluthi ya juu, mchuzi huchemshwa mara moja tu, kisha hupozwa.

• Agari ya damu: hufaa kutenganisha makoloni, lakini sharti ifungiwe katika mtungi usio na oksijeni.

Mjapani Kitasato Shibasaburō alimwotesha bakteria huyu bila kuchanganyika na wengine mwaka 1889, akitumia haidrojeni. Miaka 100 baadaye, 1989, kilianzishwa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi, Kenya, ambacho kimechunguza pepopunda ya watoto wachanga.

Hata hivyo, daktari hangoji maabara: pepopunda hutambuliwa kwa dalili, na kinga yake ni chanjo.